Kupandikiza jino: mwongozo kamili, kuanzia siku ya kung'oa

Nilipong'olewa gego la chini kulia, lile ambalo kwenye kadi za meno huandikwa namba 46, nilikuwa na miaka 24. Lilikuwa limeniuma wiki mbili mfululizo, usiku silali. Nikapigwa ganzi, likatoka, nikapewa pamba ya kung'ata na panado, nikarudi nyumbani Tanga nikimshukuru Mungu. Hakuna aliyeniambia kwamba mfupa uliokuwa umelishika jino lile ulianza kuisha siku ileile. Miaka 9 baadaye, nilipopata uwezo wa kuweka kipandikizi, daktari aliigeuza kompyuta yake nione picha ya taya langu, akaweka kidole mahali palipobonyea. "Dada," akasema, "jino la kuweka lipo. Kiwanja ndicho hakipo."

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzii kwenye kipandikizi chenyewe. Unaanzia kwenye mfupa.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Kipandikizi ni skrubu ya madini ya titani, urefu wake milimita 8 hadi 12 hivi, unene milimita 3.5 hadi 5, inayoingizwa ndani ya taya ikae mahali pa mzizi. Juu yake hufungwa kiungio kifupi kinachopenya kwenye ufizi, na juu ya kiungio hukaa kofia, yaani lile jino linaloonekana na kutafuna. Ni vitu vitatu, na vikiharibika haviharibiki kwa namna moja, kwa hiyo vitofautishe tangu mwanzo.

Kinachokishika siyo gundi wala saruji. Mfupa wenyewe hukua na kukumbatia titani. Jambo hili liligunduliwa Sweden na Per-Ingvar Brånemark, ambaye mwaka 1952 alikuwa anachunguza damu inavyopita ndani ya mfupa wa sungura kwa kutumia kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa kifaa chake, kiligoma. Mfupa ulikuwa umekishika. Mwaka 1965 alimwekea vipandikizi mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, ambaye hakuwa na meno ya chini. Larsson alivitumia mpaka alipofariki mwaka 2006. Siku hizi, tafiti zilizowafuatilia watu kwa miaka 10 zinaonyesha kwamba zaidi ya vipandikizi 90 katika 100 bado vipo mdomoni. Lakini hesabu hiyo ni ya watu waliopimwa vizuri, wakawekewa vizuri, na wakavitunza.

Hatua ya 1: Kama jino bado halijang'olewa

Hapa ndipo mahali pa kutulia. Baada ya kung'oa, upana wa mfupa pale pengoni unaweza kupungua hadi karibu nusu ndani ya mwaka mmoja, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea miezi 3 ya mwanzo. Mfupa ule ulikuwepo kwa ajili ya jino. Jino likiondoka, mwili hauoni sababu ya kuuhifadhi.

Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, muulize daktari maswali haya. Je, jino hili haliwezi kuokolewa kwa matibabu ya mzizi na kofia? Jino lako mwenyewe, hata lililokufa, likiweza kusimama imara miaka mingi, ni bora kuliko skrubu yoyote. Kama halitibiki, mwambie wazi kwamba unafikiria kupandikiza baadaye, ili aling'oe taratibu, ikibidi alikate vipande mzizi mmoja mmoja, bila kuvunja ukuta mwembamba wa mfupa upande wa shavuni. Mwisho uliza kama anaweza kujaza tundu kwa unga wa mfupa siku hiyohiyo. Unga hauzuii mfupa kupungua kabisa, ila hupunguza hasara.

Neno moja kuhusu unga huo, kwa sababu mimi mwenyewe sikuambiwa mpaka nilipouliza. Mara nyingi hutengenezwa kutokana na mfupa wa ng'ombe, lakini upo wa binadamu, upo wa nguruwe, na upo wa kutengenezwa maabara. Ule utando laini unaofunika unga pia mara nyingi hutokana na ng'ombe au nguruwe. Kama dini yako inalitazama jambo hili, uliza kabla, tena uombe uoneshwe boksi. Ni haki yako, na daktari mzuri hataona vibaya.

Hatua ya 2: Amua kama kipandikizi ndicho kinachokufaa

Zipo njia nyingine mbili. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua ni nafuu na hayahitaji upasuaji, ila hucheza mdomoni na hayauzuii mfupa kuendelea kupungua. Daraja hufungwa kwenye meno mawili ya jirani, nalo humalizika ndani ya wiki chache, lakini ni lazima majirani hao wachongwe. Kama majirani tayari yamezibwazibwa na yanahitaji kofia, daraja ni uamuzi wa busara. Kama ni mazima, hayajawahi kuguswa, binafsi naona uchungu kuyachonga kwa ajili ya pengo lisilo lao.

Kwa mzee asiye na jino hata moja, kuna njia ambayo familia nyingi hazijui na mimi ningependa kila mtu aijue. Meno ya juu ya kuvaa hunata kwenye paa la kinywa, lakini ya chini hayana pa kunata. Ulimi huyasukuma, mzee huishia kuyavaa harusini na kuyatoa wakati wa kula. Vipandikizi viwili tu, sehemu ya mbele ya taya la chini, vyenye vishikizo vinavyobana kama vifungo vya kubonyeza vya nguo, huyafanya meno hayo yakae. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walipendekeza hiyo iwe ndiyo njia ya kwanza kwa mtu asiye na meno ya chini. Sehemu hiyo ya mbele huwa na mfupa wa kutosha hata kwa wazee wengi, na gharama ni ya skrubu mbili, siyo kumi na nne. Mama yangu alifanyiwa akiwa na miaka 71. Siku ya kwanza alipotafuna nyama ya kuchoma bila kushika kidevu, hakusema kitu. Alichukua kipande cha pili.

Hatua ya 3: Mweleze daktari habari zote za mwili wako

Usifiche. Kisukari hakizuii kupandikiza, ila kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kidonda kupona na kukaribisha maambukizi, kwa hiyo nenda na kipimo cha karibuni cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari kwenye damu kwa miezi kama mitatu iliyopita. Presha idhibitiwe kwanza. Kama unatumia dawa za kulainisha damu, usiziache kwa uamuzi wako. Madaktari wako wawili waongee. Kama umewahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa kama alendronate, au sindano za zoledronic acid ambazo hupewa pia baadhi ya wagonjwa wa saratani, litaje jina la dawa, kwa sababu taya huweza kukataa kupona. Vivyo hivyo kama umepigwa mionzi kichwani au shingoni. Mjamzito asubiri ajifungue. Kijana ambaye taya bado linakua asubiri pia, maana kipandikizi hakisogei na meno mengine. Jino lake litabaki chini kama mtoto aliyeachwa na wenzake.

Anayeishi na VVU, akiwa anatumia dawa vizuri na kinga yake iko sawa, anaweza kupandikizwa. Nalisema kwa sababu najua wapo wanaojikatia tamaa kabla hata ya kuuliza.

Sigara ni adui. Hupunguza damu kwenye ufizi, na wavutaji hupoteza vipandikizi zaidi kuliko wasiovuta. Ugoro na tambuu navyo vitaje. Kama unasaga meno usingizini, mwenzako wa chumbani anajua. Muulize, kisha mwambie daktari, kwa sababu utahitaji kinga ya kuvaa usiku.

Hatua ya 4: Kinywa kisafishwe kwanza

Ukiwa na ugonjwa wa fizi, zinazotoka damu kila ukipiga mswaki, kipandikizi kingoje. Bakteria wanaokula mfupa wa meno yako ndio watakaokula mfupa wa kipandikizi. Safisha, ziba yaliyotoboka, kisha endelea.

Hatua ya 5: Picha

Eksirei ya taya zima, inayoitwa OPG, inatosha kwa kuangalia kwa ujumla, lakini inaonyesha kimo cha mfupa bila unene wake. Kwa unene inahitajika picha ya CBCT, inayolikata taya vipande vipande kwenye kompyuta. Chini, kwenye magego, daktari anatafuta mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya na kwenda kwenye mdomo na kidevu. Anataka abakize angalau milimita 2 kati ya ncha ya skrubu na mshipa huo. Juu, kwenye magego, anatafuta uwazi wa hewa ulio pembeni ya pua. Mfupa ukiwa mfupi hapo, sakafu ya uwazi huo huinuliwa na kuwekwa unga. Omba nakala ya picha zako ubaki nazo. Umezilipia.

Kwangu CBCT ilionyesha mfupa wenye unene wa milimita 4 hivi, wakati ilihitajika skrubu ya milimita 4 pamoja na mfupa wa kuizunguka pande zote. Ikabidi mfupa uongezwe kwanza, nikae miezi 6, ndipo skrubu iingie. Gharama ilipanda, na muda ukapanda. Hiyo ndiyo bei ya miaka 9 ya kungoja.

Hatua ya 6: Mchague daktari, na uisome bei yake

Hakikisha amesajiliwa: Kenya ni kwa KMPDC, yaani baraza la madaktari na madaktari wa meno, Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Usajili ni mwanzo tu. Muulize amewahi kuweka vipandikizi vingapi, akwambie ni nani atakayetengeneza kofia, na nini kitafanyika kipandikizi kisiposhika. Kama kazi yako ni ngumu, mfupa hautoshi au una maradhi, omba uonwe na daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya. Hospitali za kufundishia, kama ile ya Muhimbili, Dar es Salaam, na ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ni mahali pazuri pa kwenda kupata ushauri wa pili.

Bei ombwa kwa maandishi, iliyochambuliwa: picha, skrubu, unga na utando kama vinahitajika, kiungio, kofia, dawa, na kurudi kuangaliwa. Matangazo mengi hutaja bei ya skrubu peke yake. Mtu hufurahi, hupandikizwa, halafu miezi minne baadaye anaambiwa kofia ni pesa nyingine, na hana. Nimekaa kwenye benchi la kusubiri na mtu wa namna hiyo. Alikuwa na skrubu nzuri kabisa, imeshika, imefunikwa na ufizi, na pengo lake liko palepale.

Wanaosafiri kwenda India kwa ajili hii wakumbuke kwamba ni safari mbili zilizoachana miezi kadhaa, na kwamba skrubu ikilegea utakuwa Mwanza au Mombasa. Panga kabla ya kuondoka ni nani nyumbani atakayekufuatilia.

Hatua ya 7: Siku ya kupandikizwa

Kula kabla ya kwenda, labda kama umeambiwa utalazwa usingizi. Piga mswaki. Kunywa dawa zako za kila siku kama kawaida, ila kama daktari amesema vinginevyo. Nenda na mtu wa kukurudisha.

Kwa kipandikizi kimoja, ganzi ya kawaida ya meno hutosha. Ninachoweza kukuambia ni kwamba hakiumi, kinatetema. Ufizi hufunguliwa kidogo, usiuhisi. Kisha tundu hutobolewa kwa keekee nyembamba, halafu nene kidogo, halafu nene zaidi. Mimi nilikuwa namsikia daktari akimtajia msaidizi wake, "Mbili. Mbili nukta nane. Tatu nukta tano," na kila mara kitu kipya kikaingia mkononi mwake. Keekee huzunguka polepole, na maji ya chumvi hutiririka juu yake muda wote, baridi mpaka kooni. Maji hayo siyo ya usafi tu. Mfupa ukifika nyuzijoto 47 kwa dakika moja hufa, na mfupa uliokufa haushiki titani. Ukisikia daktari anasimama, anatoa keekee, anarudisha, usidhani ameshindwa. Anaupa mfupa nafasi ya kupoa.

Mwisho skrubu hukazwa kwa ufunguo unaopima nguvu. Daktari wangu alitaka ufunguo usome 35, ukasoma 35, akasema "Safi." Nyuzi mbili, dakika 40, kwisha. Wengine hufungiwa ufizi juu ya skrubu, wengine huachiwa kifuniko kidogo kinachoonekana. Zote ni sahihi.

Kabla hujatoka, omba stika. Kila boksi la kipandikizi lina stika yenye jina la kampuni, unene, urefu na namba ya toleo. Moja hubandikwa kwenye faili la kliniki, nyingine ni yako. Skrubu za kampuni tofauti hufunguliwa kwa bisibisi tofauti, na daktari asiyejua ulichowekewa atakuwa anabahatisha.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza

Siku ya kwanza weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya shavu, dakika 10 hadi 15, pumzika, rudia. Usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija. Damu iliyoganda ndiyo plasta yako. Kula vya uvuguvugu na laini: uji, mtori, viazi vya kuponda, ndizi mbivu, samaki asiye na miiba. Tafuna upande mwingine. Kuanzia siku ya pili sukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi, hasa baada ya kula, au kwa dawa ya kusukutua uliyoandikiwa. Maliza dozi ya dawa kama ulivyoelekezwa.

Kuvimba huwa kukubwa siku ya pili na ya tatu, halafu kunashuka. Hilo ni kawaida. Kisicho kawaida ni damu isiyokoma baada ya kubana pamba nusu saa, homa, usaha, au maumivu yanayozidi baada ya siku ya nne badala ya kupungua. Na hili nalitilia mkazo: kama mdomo wa chini au kidevu bado kina ganzi asubuhi ya siku inayofuata, piga simu asubuhi hiyohiyo. Huenda skrubu inagusa au inaubana mshipa wa fahamu, na ikitolewa mapema kuna nafasi nzuri ya hisia kurudi. Usisubiri siku ya kutoa nyuzi.

Hatua ya 9: Miezi ya kungoja

Chini, miezi 3 hadi 4. Juu, ambako mfupa ni laini zaidi, miezi 4 hadi 6. Kipandikizi hakiumi katika kipindi hiki, na hapo ndipo mtu hujisahau akakitafunia muwa. Usifanye hivyo. Kikisukumwasukumwa kabla hakijashika, mwili hukizungushia nyama badala ya mfupa, kisha hulegea. Kwa jino la mbele, daktari atakupa jino la muda. Ni la kuonekana, siyo la kung'atia.

Hatua ya 10: Kofia

Ufizi hufunguliwa kidogo kama ulikuwa umefunikwa, kipimo huchukuliwa, na baada ya wiki moja au mbili kofia huja. Kama inawezekana, omba kofia inayofungwa kwa skrubu badala ya kubandikwa kwa saruji. Saruji ikibaki chini ya ufizi huleta uvimbe wa polepole, tena kofia ya skrubu hufunguliwa na kufungwa bila kuharibiwa.

Rangi ichaguliwe mchana, karibu na dirisha. Kwa ndugu zetu wa Arusha, Kilimanjaro na Bonde la Ufa kwa ujumla, ambako maji yenye floraidi nyingi huyapa meno madoa ya kahawia, jambo hili lina uzito wa pekee. Jino jeupe pepepe katikati ya meno yenye madoa litaonekana toka barabarani. Fundi mzuri anaweza kuichora kofia madoa yafanane na majirani. Mwambie.

Kofia ikishafungwa, utang'ata karatasi ya rangi mara kadhaa huku daktari akipunguza hapa na pale. Usiwe na haraka. Jino la asili limefungwa kwenye mfupa kwa nyuzi laini zinazohisi na kubonyea kidogo. Kipandikizi hakina nyuzi hizo, kwa hiyo hakitakuambia kwamba kinabeba mzigo kupita wengine.

Hatua ya 11: Kukitunza

Kipandikizi hakitoboki kama jino, ila ufizi na mfupa unaokizunguka huugua. Ugonjwa huo mara nyingi hauumi. Huanza kwa damu kidogo kwenye mswaki na harufu, halafu mfupa unashuka kimyakimya. Piga mswaki laini mara mbili kwa siku, pitisha uzi wa meno au kiburashi cha kati ya meno kila usiku, na urudi kwa daktari kila miezi 6, uombe eksirei ya kulinganisha na ya mwanzo.

Kofia ikianza kucheza, usiogope na usingoje. Mara nyingi ni skrubu ndogo ya kiungio iliyolegea, na kuikaza ni kazi ya dakika chache. Ukiendelea kuitafunia, skrubu hiyo huweza kukatikia ndani. Ikitoka kabisa, iweke kwenye kichupa kikavu na uende nayo, na usijaribu kuibandika kwa gundi ya dukani. Chukua na ile stika. Yangu nimeipiga picha ikae kwenye simu, na yenyewe iko ndani ya bahasha pamoja na cheti cha kuzaliwa, na dada yangu anajua ilipo.